"Bladi": Neno Hili Lina Damu Gani?

Wasomaji wengi wamepata kulisikia neno "bladi", na siku hizi vijana hulitupa ovyo barazani kana kwamba ni "sana" au "mno". Asili yake ni neno la Kiingereza "bloody", yaani chenye damu. Lakini Mwingereza akisema kuna joto la "bloody", hapana damu yoyote hapo. Analitia neno lake nguvu tu, na nguvu yenyewe haina adabu.

Wako wanaodai kuwa ni kiapo kwa Bibi Maryamu, mamake Nabii Isa (A.S.), kilichofupishwa ulimini. Dai hili limeenea, ila wataalamu wa lugha hawalikubali, kwani zamani watu walisema fulani amelewa "bloody", na kiapo hakikai mahali hapo. Wengine hulirudisha kwa vijana wa kitajiri wa karne ya 17 walioitwa "damu" kwa ujeuri wao. Kulewa hivyo kukawa ni kulewa kama wao. Mimi naona damu yenyewe, kwa kutisha kwake, yatosha kulipa neno makali.

La ajabu ni kuwa hapo kwanza halikuwa tusi zito. Jonathan Swift, kasisi na mwandishi mashuhuri, alilitumia katika barua mwaka 1711 akilalamikia joto. Karne ya 19 waungwana walilikataa, na wachapaji wakalificha kwa vistari. Mwaka 1914 lilipotamkwa jukwaani mjini London, katika mchezo wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion, ikawa gumzo la mji. Kisha likachakaa. Hata hivyo, mwaka 2006 tangazo la utalii la Australia lenye neno hilo lilizuiwa kwa muda katika televisheni za Uingereza.

Basi kwao limepanda na kushuka. Kwetu je? Kwetu halikuja peke yake. Lilikuja likiandamana na mwenziwe, "fulu", yaani mpumbavu, likitoka kinywani mwa bwana mkubwa wa kikoloni kumwendea mpishi, karani na kuli. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa "bladifulu" mbele za watu, wala hakuwa na ruhusa ya kujibu. Ndiyo sababu mzee akimsikia mjukuu wake akilisema kwa mzaha hukunja uso, naye mjukuu asijue kwa nini.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Waingereza wenyewe hawalijali tena, namjibu kuwa neno halipimwi kwa kamusi peke yake, bali pia kwa masikio ya aliyetukanwa nalo. Kiswahili chetu kina "mno", "ajabu" na "kupita kiasi". Hatukosi cha kutilia nguvu maneno yetu. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.