Waya wa Jinja na Ujirani Wetu

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanajua kwamba Jinja, pale mto Nile unapotoka katika ziwa la Victoria, ndipo umeme wa Uganda ulipoanzia kuwa mkubwa. Lakini si wengi wanaojua kwamba tangu zamani umeme ule haukuishia Uganda. Nataka kueleza habari zake, kwa kuwa zinatufundisha jinsi nchi jirani zinavyoweza kusaidiana, hasa siku hizi ambapo kuni na makaa vinazidi kuwa haba, na mafuta hayana uhakika.

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi wa Aprili, 1954. Mashine zake kumi zilipokamilika mwaka 1968, ziliweza kutoa kilowati 150,000. Kabla ya hapo, mwaka 1955, Uganda ilikuwa imepatana na Kenya kuiuzia kilowati 30,000 kwa muda wa miaka 50, na umeme huo ukaanza kwenda mwaka 1958. Waya wake, wa volti 132,000, hupita Tororo na Lessos mpaka Nairobi. Mapatano hayo yalifaa pande zote mbili: Uganda ilipata mnunuzi wa umeme ambao viwanda vyake vichache havikuweza kuumaliza, na Kenya ilipata nguvu iliyokuwa ikiihitaji.

Sasa tuangalie yaliyofuata. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu ya nchi ya Kenya ni ya Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Reli ikagawanywa, na shirika la ndege la pamoja likafa. Lakini waya haukung'olewa. Kwa nini? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kila upande ulikuwa na kitu cha kupoteza. Hotuba ya umoja yaweza kusahauliwa jioni ile ile, lakini taa ikizimika, hata mtoto hutambua. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, ilikuta waya ule ungali umesimama.

Tena maji yenyewe si ya mtu mmoja. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengine huletwa na mito. Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, hukusanya maji ya Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda; mto Nzoia hutoka katika milima ya Kenya. Basi taa ya Jinja huwashwa na mvua ya nchi tano.

Lakini yafaa tujue pia udhaifu wake. Mwaka 2005 na 2006 maji ya ziwa yalishuka sana. Wataalamu walitaja sababu mbili: ukame, na maji yaliyoachwa kupita kwenye mabwawa ya Jinja zaidi ya kiasi kilichopatanwa. Umeme ukapungua, mitaa ikawa inapewa kwa zamu, na serikali ikakodi mashine za dizeli kwa gharama kubwa. Na dizeli hiyo hutoka wapi? Hupitia Kenya. Januari 2008, fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipoziba barabara, na sehemu ya reli ikang'olewa, petroli iliadimika Uganda na Rwanda. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, lakini wazee wetu hawajasahau.

Fundisho ni hili: nyumba haisimami kwa nguzo moja. Bwawa la Bujagali, lililofunguliwa mwaka 2012, lina nguvu ya kilowati 250,000, lakini hutumia maji yale yale ya Nile. Ukame ukija, yote mawili huona kiu. Mvuke wa Olkaria nchini Kenya ni tofauti, kwa maana hutoka chini ya ardhi wala haungojei mvua ya mwaka. Ndiyo sababu nchi zinaungana kwa waya. Waya kutoka Ethiopia hadi Kenya ulianza kazi mwaka 2022, na ule wa Kenya na Tanzania mwaka 2024. Mmoja akipungukiwa, mwenzake humkopesha.

Wengine watasema: Uganda ina mafuta yake, yaliyogunduliwa mwaka 2006. Ni kweli, lakini mafuta ni kama ghala lisilovunwa tena, ukichota, hupungua. Nayo hayawezi kufika baharini ila kwa bomba la kilomita 1,443 kupita Tanzania mpaka Tanga. Hata katika utajiri wetu tunamhitaji jirani.

Hata hivyo, waya peke yake hauivishi ugali. Nyumba nyingi za nchi zetu hupika kwa kuni na makaa, na jiko la shule yetu pia. Lori la kuni ambalo zamani lilitoka kilima cha pili, sasa hutoka mbali, na karo za wazazi hulipa safari hiyo. Mwaka 2023 Rais wa Uganda alipiga marufuku biashara ya makaa katika sehemu za kaskazini, kwa kuwa miti ilikuwa inakwisha. Haifai tungoje marufuku itufikie sisi. Kuni zikaushwe kabla ya kuchomwa, maana kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Sufuria zifunikwe. Na shamba lililo nyuma ya uwanja wa mpira lipandwe miti, ila mikalitusi iwe mbali na chemchemi.

Sisi wanafunzi tuko tayari kuchimba mashimo kabla ya mvua za masika. Nanyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, mlioko Kampala, Kisumu, Nairobi na Mwanza, mkija kututembelea msije mikono mitupu. Njooni na miche.