Kufundisha Somo la Chanjo: Hiari ya Mtu na Wajibu wa Jamii

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna ya kufundisha Darasa la Sita jambo ambalo hata watu wazima hubishana juu yake: je, kuchanjwa ni hiari ya mtu, au ni wajibu wake kwa wenzake? Mwalimu atakayepangiwa shule ya Ukerewe, au ya jirani na soko la Mwaloni Kirumba mjini Mwanza, hataweza kulikwepa, kwani wanafunzi hulileta kutoka nyumbani.

Kwanza, mwalimu aelewe chanzo cha shaka ya wazazi. Mwanzoni mwa Februari 2021 Serikali ilitamka kwamba haikuwa na mpango wa kuleta chanjo ya UVIKO-19. Tarehe 28 Julai mwaka uo huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, akazindua utoaji wa chanjo nchini. Dozi za kwanza zilizidi milioni 1, na kuchanjwa kukawa kwa hiari. Mzazi aliyesikia kauli hizo mbili katika muda wa miezi sita, kisha akasita, hakusita kwa ujinga. Mwalimu asimdhihaki mbele ya mwanawe.

Pili, tuwaeleze wanafunzi kwamba chanjo zote hazifanyi kazi kwa namna moja. Chanjo ya UVIKO-19 humkinga zaidi yule aliyechanjwa, asiugue sana wala asife. Uwezo wake wa kuzuia maambukizo kwenda kwa wengine ni mdogo zaidi, nao hupungua baada ya miezi kadhaa. Chanjo ya surua humkinga aliyechanjwa na pia huufungia ugonjwa njia ya kumfikia jirani. Kwa hiyo hoja ya wajibu ina uzito mkubwa zaidi katika surua.

Tatu, tutumie hesabu. Mahali pasipo na mwenye kinga, mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Tuchukue 15. Mwalimu achore ubaoni duara moja, na maduara 15 kulizunguka. Wanafunzi wafute moja moja. Kila linalofutwa ni mtu mwenye kinga. Yakifutwa 10, wataugua 5. Nao, kwa kiasi hicho hicho cha kinga, wataambukiza 25, na hao 125. Yakifutwa 14, kila mgonjwa huambukiza mtu 1 tu, na ugonjwa hauongezeki. Sehemu 14 kati ya 15 ni zaidi kidogo ya asilimia 93. Ndiyo maana wataalamu hulenga asilimia 95.

Sasa mwalimu aulize: ni nani aliyebaki bila kufutwa? Nchini mwetu mtoto hupata chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 9. Mtoto wa miezi 6, aliyebebwa mgongoni katika kivuko cha Kamanga, hakuulizwa hiari yake. Kinga aliyopewa na mama inafifia, naye anategemea kinga ya abiria wenzake.

Mwalimu asifunge somo kwa amri. Kila mwanafunzi aandike hoja ya mzazi anayesita, kisha aijibu kwa heshima. Amefaulu yule atakayeieleza hoja hiyo bila kuipotosha, na atakayekumbuka kumtaja mtoto asiyeweza kujichagulia.