Ufaransa Wakati wa Joto

Sisi wa Butembo na Lubero, tunaojifunika blanketi mwaka mzima, tukisikia Ufaransa tunafikiria theluji. Theluji ipo. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti nchi ile inaweza kuwaka. Tarehe 25 Julai 2019, kipimo cha Paris kilifika nyuzi 42.6. Joto la Kasindi, linalotufanya tuvue sweta mara tu tukishuka bondeni, ni dogo mbele ya hilo.

Taabu kubwa iko ndani ya nyumba. Wafaransa wamejenga kwa kuogopa baridi, kwa hiyo kuta zinashika joto na kukataa kuliachia. Maghorofa ya zamani ya Paris yana paa la zinki, na chini yake kuna vyumba vidogo walimokuwa wakilala watumishi. Leo wanapanga humo wanafunzi na wageni kama sisi, maana kodi yake ni nafuu kidogo. Ukigusa ukuta wa chumba kama hicho saa sita usiku, bado una moto. Dirisha ni moja, tena liko darini, kwa hiyo upepo hauna pa kutokea.

Kwetu, ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, na jua likitua saa kumi na mbili jioni, ubaridi unaingia. Kule mwezi wa Juni jua linatua karibu saa nne usiku. Katika usiku mmoja wa Agosti 2003, Paris haikushuka chini ya nyuzi 25.5. Mwili uliochoka mchana ukikosa usiku wa kupumzika, siku ya tatu au ya nne unaanza kushindwa, hasa mwili wa mzee.

Viyoyozi ni vichache majumbani, na vilivyopo vinatupa joto barabarani kwa jirani. Wenyeji wanafunga madirisha na mbao zake tangu asubuhi, wanakaa gizani, kisha usiku wanafungua kila kitu. Mgeni kutoka kwetu hufanya kinyume: anafungua mchana akitafuta hewa, na joto linajaa ndani. Feni inasaidia, lakini hewa ikizidi nyuzi 35 inakupulizia moto tu, usipolowesha ngozi kwanza. Maji ya kunywa yapo bure kwenye mabomba ya chuma ya kijani ambayo Mwingereza Richard Wallace aliupatia mji wa Paris mwaka 1872. Bustani kadhaa huachwa wazi usiku, na tangu Julai 2025 watu wameruhusiwa tena kuogelea katika mto Seine, jambo lililokuwa limekatazwa tangu 1923.

Yote hayo yanataka mtu mwenye miguu. Agosti ile ya 2003 joto liliua watu karibu 15,000 nchini, wengi wao wazee, na wengi wakiwa peke yao nyumbani. Agosti ni mwezi wa likizo: watoto walikuwa baharini, majirani wamesafiri, hata madaktari wengi hawakuwepo. Tarehe 3 Septemba, maiti 57 ambazo hakuna ndugu aliyekuja kuzichukua zilizikwa kwenye makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac alihudhuria. Kwetu, ambako kilio kinajaza uwanja kabla jeneza halijafika, habari hii ni ngumu kuamini. Mimi bado inaniuma.

Baada ya hapo serikali iliandaa mpango wa kitaifa, na ofisi za meya zikapewa kazi ya kutunza daftari la wazee na wagonjwa. Joto likitangazwa, wanapigiwa simu. Asiyepokea anafuatwa mlangoni. Lakini jina haliingii daftarini mpaka mwenyewe au mtu wake aombe, na wazee wengi wanaona haya. Wenye mama au baba huko, msingoje Julai. Mwombeni mtoto anayeishi naye karibu aende kumwandikisha Mei, na mkimpigia simu Agosti, muulizeni kwanza leo amekunywa maji mara ngapi na nani amepita kumwona.