Pembe na Mijongeo ya Kamera katika Usomaji wa Filamu: Mfano wa Foleni ya Malori Tunduma

Uhakiki wa filamu ya Kiswahili bado unatembea na viatu vya uhakiki wa tamthiliya. Mhakiki hubainisha dhamira, huchambua wahusika na majibizano yao, kisha hufunga daftari bila kusema kamera ilisimama wapi. Makala haya yanashikilia kwamba kimo na mwendo wa kamera ni sehemu ya kauli ya filamu, na kwamba anayeviacha amesoma nusu tu ya matini.

Mfano unaotumika ni foleni ya malori mjini Tunduma, mkoani Songwe, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia. Wakati wa ukusanyaji wa data niliirekodi foleni hiyo siku moja kwa pembe tatu. Niliichagua kwa sababu haina majibizano. Maana yoyote inayojitokeza ndani yake imeletwa na kamera.

Picha ya kwanza ilichukuliwa kutoka ghorofani, kando ya barabara kuu, kamera ikiwa imeinamishwa. Malori yalionekana kama shanga kwenye uzi, wala hapakuwa na sura ya mtu. Mtazamaji hupewa tatizo la biashara: wingi na ucheleweshaji. Taarifa za habari huipenda pembe hii, na sasa droni imeirahisisha zaidi.

Picha ya pili ilichukuliwa katika kimo cha macho. Kati ya lori na lori, dereva ameketi kwenye kigoda pembeni ya jiko la mkaa, naye utingo anamenya viazi. Foleni ileile imegeuka kuwa makazi, na mtazamaji amekuwa mgeni aliyekaribishwa. Dereva huyo alipoonyeshwa picha zote, katika ile ya kwanza alitafuta lori lake asilione, akauliza ni ipi itakayopelekwa chuoni.

Picha ya tatu ilichukuliwa karibu na tairi, kamera ikitazama juu. Lori likawa jitu, na dereva anayepanda kwenye usukani akapata ukubwa ambao foleni ilikuwa imemnyang'anya. Hata hivyo, fomula kwamba pembe ya juu hudunisha na ya chini hutukuza, ambayo wanafunzi wetu huikariri kama jedwali la kuzidisha, haitoshi. Katika *Citizen Kane* (1941), Orson Welles aliikata sakafu ya studio ili kamera ishuke chini kabisa, lakini tukio lenyewe linamwonyesha Kane akiwa ameshindwa uchaguzi. Ukubwa wa umbo lake unagongana na udogo wa hali yake. Pembe hupata maana kutokana na muktadha, kama lilivyo neno.

Kuhusu mijongeo, tofauti ya msingi ni kati ya kamera inayogeuka mahali pake na kamera inayosafiri. Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpigapicha wa akina Lumière, aliipakia kamera kwenye mtumbwi mjini Venice, na mandhari yakaanza kupita mbele ya mtazamaji. Tunduma, kamera iliyogeuka juu ya stendi yake ilitoa jicho la mtu aliyesimama pembeni akitazama. Ilipopandishwa kwenye bajaji na kupita kandokando ya foleni bila kukatwa, mtazamaji alianza kuhesabu malori, akachoka, akaacha kuhesabu. Uchovu huo ndio maana ya picha.

Zumu haimo katika kundi hili, ingawa mara nyingi huchanganywa nalo. Kamera haisogei, lenzi ndiyo inayokuza, na malori huonekana yamebanana kuliko yalivyo. Katika filamu nyingi za video za Dar es Salaam za miaka ya 2000 nilizozitazama, zumu inafanya kazi ya kumsogelea mhusika. Sababu mojawapo, nadhani, ni ughali wa vifaa, lakini athari haziwi sawa kwa sababu hiyo: anayesogelewa hukaribiwa, anayekuzwa huchunguzwa kwa mbali.

Suala hili linagusa moja kwa moja tafiti linganishi za riwaya na filamu. *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inavutia ulinganisho wa aina hiyo. Mtafiti anayeorodhesha matukio yaliyobaki na yaliyoachwa atakuwa amelinganisha riwaya na muhtasari wa filamu. Riwaya ina msimulizi. Katika filamu sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kamera, na ni juu ya mtafiti kuonyesha, onyesho kwa onyesho, imesimama upande wa nani.