Kuongoza Watu Wenye Vipaji: Mfano wa Duke Ellington

Kusimamia watu wanaochimba mtaro ni kazi moja, na kusimamia watu wenye vipaji ni kazi nyingine. Mchimbaji hupimiwa kazi yake kwa hatua, na jioni msimamizi hujua kama imekwisha. Mwimbaji, mchoraji au mtungaji hapimiki hivyo. Akiamrishwa kwa ukali, hutii kwa mikono lakini moyo wake haumo. Na akiachwa afanye apendavyo, huenda kazi isimalizike kamwe. Basi kiongozi wa watu wa namna hiyo yampasa kuwa mtu gani?

Jibu moja zuri lapatikana katika maisha ya Edward Kennedy Ellington, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mjini Washington tarehe 29 Aprili 1899. Rafiki zake walimwita Duke, yaani mtukufu, kwa sababu ya adabu na unadhifu wake. Mwaka 1923 alikwenda New York kupiga piano, na mwezi wa Desemba 1927 bendi yake iliajiriwa katika ukumbi wa Cotton Club, mtaa wa Harlem. Ukumbi huo ulikuwa kwa wateja Wazungu, ijapokuwa wapigaji na wachezaji wake walikuwa Watu Weusi. Kutoka hapo muziki wake ulitangazwa kwa redio, na sifa zake zikaenea nchi nzima. Aliiongoza bendi yake kwa muda wa miaka hamsini hivi, mpaka alipofariki tarehe 24 Mei 1974.

Jambo la kwanza la kujifunza kwake ni kumjua kila mtu. Watungaji wengine huandika muziki kwa ajili ya chombo: hapa tarumbeta, pale saksafoni, apige yeyote atakayekuwapo. Ellington aliandika kwa ajili ya mtu. Katika karatasi zake mara nyingi mlikuwa na jina la mpigaji badala ya jina la chombo. Alijua ni nani mwenye sauti nyororo na ni nani aliyeweza kuliliza tarumbeta kama mtu anayenung'unika. Kwa hiyo kila mpigaji aliona kwamba nafasi yake haiwezi kujazwa na mwingine. Harry Carney aliingia katika bendi mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 17, wala hakuondoka mpaka bwana wake alipokufa, miaka 47 baadaye.

Jambo la pili ni kutoogopa kipaji cha mwenzake. Mwishoni mwa mwaka 1938 kijana mmoja mfanyakazi wa duka la dawa huko Pittsburgh, jina lake Billy Strayhorn, alimwendea Ellington akampigia piano. Kiongozi mwenye wivu angalimpuuza. Ellington alimpa kazi. Haukupita muda mrefu faida ikaonekana. Mwaka 1941 ulizuka ugomvi wa malipo kati ya vituo vya redio na chama cha watungaji, na nyimbo za Ellington mwenyewe zikawa haziwezi kutangazwa. Strayhorn, pamoja na Mercer mwana wa Ellington, wakatunga nyimbo mpya upesi. Mmoja wa Strayhorn, Take the "A" Train, ukawa ndio wimbo wa kuitambulisha bendi hiyo siku zote.

Jambo la tatu ni subira. Wapigaji wale hawakuwa malaika. Walikuwamo walevi, wachelewaji, na wasiosemezana. Mwaka 1951 Johnny Hodges, mpigaji saksafoni mashuhuri kuliko wote katika bendi, aliondoka na wenzake wawili akaunda bendi yake. Wengi walidhani kwamba mambo ya Ellington yamekwisha. Lakini hakumwekea kinyongo. Hodges aliporudi mwaka 1955, alipokewa. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 7 Julai, katika tamasha la Newport, Ellington alimwachia Paul Gonsalves nafasi ya kupiga peke yake. Gonsalves akaurudia mzunguko wa wimbo mara 27 bila kukoma, na watu wakainuka vitini wakacheza. Ellington hakumkatiza. Usiku ule ulimrudishia jina lililokuwa limeanza kufifia.

Kadhalika alitoa mali yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili bendi kubwa nyingi za Marekani zilivunjika, kwa sababu mapato hayakutosha kulipa mishahara. Ellington alitumia fedha alizopata kwa nyimbo zake kuwalipa watu wake, ili apate kusikia leo wimbo aliouandika jana.

Hata hivyo si haki kumsifu mtu na kuficha kasoro yake. Baadhi ya nyimbo zilizotoka kwa jina la Ellington zilianzia katika vinywa vya vyombo vya wapigaji wake, na wao hawakutajwa kama ilivyostahili. Barney Bigard alingoja miaka mingi kabla jina lake halijatiwa katika wimbo wa Mood Indigo wa mwaka 1930. Yasimuliwa kwamba Hodges, bendi ilipopiga wimbo uliotokana na sauti yake, alikuwa akisugua vidole jukwaani kama mtu ahesabuye noti, ili bwana wake aone. Huo ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye uchungu. Mtu mwenye kipaji huvumilia mshahara mdogo na safari ndefu. Kunyang'anywa jina la kazi yake ni jambo lisilosahaulika.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa hakika Ellington hakuacha usukani. Yeye ndiye aliyeamua wimbo gani upigwe na ukatwe wapi. Lakini alijua kwamba nahodha hawezi kuwa tanga na makasia pia. Mwalimu wa kwaya, mkuu wa kikundi cha michezo ya kuigiza, na mhariri wa gazeti la shule wanaweza kumpima kiongozi kwa kipimo hicho: je, amjua kila mtu wake, afurahia anayemzidi, astahimili udhaifu, tena atangaza mbele ya watu kazi ni ya nani? Katika hayo manne Ellington alishinda matatu. La nne ndilo rahisi kuliko yote, kwa maana halina gharama ila maneno machache ya kweli.