MWANGA ULIPOMFICHA MWIZI WA KOROSHO

Sote tunajua kuwa mwizi hujificha gizani. Mimi nimemwona mwizi aliyefichwa na mwanga. Tena picha yake niliishika mwenyewe ikiwa bado inachuruzika maji, na picha hiyo ikamponza mzee wa watu asiye na kosa.

Usidhani nakupiga fiksi. Kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

Ilikuwa mwaka 1996. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kumwambia mama polepole, tena akiwa ameshiba. Kikao kikakaa, ikaamuliwa niende Masasi kwa mjomba nikajifunze kazi. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kubishiwa. Baba atanunua daftari, lakini mjomba akikohoa ukoo mzima unageuka. Nikafunga begi.

Mjomba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mbele benchi na kitambaa kilichochorwa maua, nyuma chumba cha giza. Filamu za rangi tulizipeleka Dar kwa basi, na enzi hizo Rufiji ilivukwa kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Masika ikikolea barabara inakatika, na bibi harusi anakuja kuulizia picha zake huku kabeba mtoto mgongoni. Ila picha nyeusi na nyeupe, hasa za pasipoti, tulisafisha wenyewe.

Siku moja akaingia tajiri mmoja wa korosho kutoka Newala. Kavaa saa ya dhahabu, uso kama kalamba ndimu.

"Fundi," akasema, "naibiwa. Kila wiki magunia mawili matatu ghalani kwangu yanayeyuka. Kufuli zima, dirisha zima. Nataka kamera inayomwona mwizi mimi nikiwa nimelala."

Mjomba akavuta sigara mpaka kichungi. "Inawezekana," akajibu.

Mimi nikajua mjomba kalewa sifa. Kumbe bwana wee!

KAMERA YA KUMVIZIA MTU

Mashine ilikuwa hivi. Mjomba alichukua lenzi na shata ya kamera kuukuu ya kukunja, akaifunga mbele ya sanduku la mninga. Uzi mwembamba ukatoka kwenye mlango wa ghala hadi kwenye kifyatulio. Mwizi akisukuma mlango, uzi unavuta, shata inafunguka, flashi inawaka. Pwaa! Sura yake tunayo.

Hapo sasa ndipo kwenye kimbembe: filamu itakaa wapi?

Tulikata kipande cha filamu nyeusi na nyeupe, tukakiweka katika kibao chembamba chenye mfuniko wa bati unaoteleza. Mjomba alikiita holda. Unaipakia gizani, unafunga bati, unaichomeka nyuma ya sanduku. Jioni unavuta bati, filamu inabaki ikiitazama lenzi. Asubuhi unarudisha bati na kuitoa holda nzima bila kugusa sanduku.

Ukisikia hivyo unaona kazi ya dakika tano. Thubutu! Ilituchukua wiki mbili, na kupakia tulipakia kwa kupapasa kama vipofu. Karatasi ya picha inavumilia taa nyekundu. Filamu ya namna ile haina huruma na taa yoyote.

Mjomba akanipa somo ambalo sikulipata darasani.

"Mpwa wangu, mwanga unakwenda moja kwa moja kama mlevi anayejua kwake. Ukimwekea kona moja anagonga ukuta. Ukimwekea kona mbili anakata tamaa."

Ndiyo maana mfuniko wa holda haukalii juu juu. Unachongewa mfereji, na ukingo wa upande mwingine unaingia ndani ya mfereji huo. Mwanga ukitaka kupita, lazima ukunje kona mbili.

Lakini mwanga una ujanja mwingine: unadunda. Kona ikiwa nyeupe au inang'aa, utadunda huku na huku mpaka ufike. Basi kila pembe ya ndani tukaipaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi, nyeusi isiyong'aa kama ubao wa shule. Penye maungio tukabandika vipande vya tyubu ya baiskeli.

Palibaki mahali pabaya kuliko pote: ufa wa kupitishia bati. Bati likiwa ndani, ufa umezibwa. Ukilivuta nje, ufa unabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyelala. Dawa yake ni mahameli nyeusi. Manyoya yake yanajikunjua na kuziba. Ukiitazama kaseti ya kawaida ya filamu ya milimita 35, ile ambayo Kodak walianza kuiuza ikiwa imeshapakiwa mwaka 1934, utaona mdomoni mwake kitambaa hicho hicho cha manyoya. Sisi ya kwetu tuliomba kwa fundi cherehani, masalia ya gauni la harusi.

SI MJOMBA WA KWANZA

Usije ukadhani mjomba alizua jambo jipya duniani. Mjerumani Carl Georg Schillings alizurura na kamera katika nchi yetu hii mwanzoni mwa karne ya 20, akitega kamera na flashi usiku ili wanyama wajipige picha wenyewe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kuwashangaza watu Ulaya. Picha zake zilikaa kwenye vioo, na kioo nacho kilihitaji kibebeo kisichopitisha mwanga.

Hata huku kwetu kusini, mwaka 1906, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi na Newala, vumbi la Maji Maji halijatulia, akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya sinema. Maskini, alikuwa akihangaika na mwanga na joto lile lile lililokuja kututoa jasho sisi.

Na wezi nao wana historia yao. Aprili 1957, mjini Cleveland, Marekani, kamera iliyofichwa ndani ya benki ilinasa tukio zima la ujambazi, na wahusika wakapatikana upesi. Mwaka 1974 kamera za benki moja ya San Francisco zikamnasa Patty Hearst, mjukuu wa tajiri wa magazeti, akiwa na bunduki mkononi pamoja na waliokuwa wamemteka. Zote hizo zilikuwa filamu. Nukta moja ya mwanga ndani ya kasha na mahakamani wangepeleka ukungu.

NEWALA, USIKU WA TISA

Tukapanda Land Rover kwenda Newala, tumebanana kama dagaa. Ukitoka Masasi kwenye vilima vyake vya mawe, gari linakwea ukingo wa uwanda wa Makonde likiguna, mchanga unakuingia mpaka kwenye meno. Juu kule hewa ni nzuri, ila maji ndiyo kasheshe ya tangu enzi za mababu. Nikaelewa kwa nini mjomba alisema filamu tutaisafishia Masasi.

Tukafunga sanduku juu ya boriti, chini kidogo ya bati la paa. Mlinzi alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, ana koti refu la kaki, upinde na katambuga za tairi. Alitushikia ngazi. Akaniuliza, "Mjukuu, hiki kidude kinaona gizani?" Nikamwambia kinaona, babu. Akacheka, "Basi nimepata mwenzangu."

Tukamfundisha tajiri: jioni vuta bati, asubuhi rudisha. Tukashuka zetu Masasi.

Siku ya kumi tajiri akaja mbio na holda kwenye mfuko. Usiku wa tisa flashi ilikuwa imewaka! Tukaingia chumba cha giza, roho zinadunda. Picha ikaanza kujitokeza kwenye beseni: magunia, mlango, miguu yenye katambuga, koti refu la kaki. Halafu kuanzia kifuani kwenda juu, weupe mtupu, kama mtu kammwagia uji usoni.

"Si koti lake hili?" tajiri akafoka. "Si viatu vyake hivi? Nilijua! Namlisha nyoka!"

Nikamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia chini. Tajiri alikuwa ameshaweka noti mezani. Na huo, msomaji wangu, ndio ukimya unaoniuma mpaka leo. Kesho yake mzee akafukuzwa bila hata senti ya mwezi ule.

KIBUBU CHA MWANGA

Mjomba hakulala siku tatu. Ya nne akaniamsha alfajiri. "Lete holda."

Tukaipakia kipande cha karatasi ya picha, tukavuta bati, tukaziba mbele kwa ubao, tukaianika juani, tukiigeuza kila upande. Baada ya saa moja tukaisafisha. Msitari mweusi ukatokea kwenye pembe, palepale penye ufa wa bati. Mahameli ilikuwa fupi kwa upana wa punje ya mchele, na joto la paa lilikuwa limelainisha gundi ikasogea.

"Lakini mjomba," nikauliza, "mbona kamera yako ya harusini ina tundu na picha zinatoka bomba?"

"Ya harusini iko mkobani, inatoka dakika tano inarudi. Ile ya ghalani imekaa siku tisa, na yule bwana alikuwa hata mchana harudishi bati. Filamu ni kibubu, mpwa wangu. Haisahau senti. Kila nuru inayoingia inaitunza."

Nikachoka mwenyewe. Kumbe kamera ya ulinzi ina mtihani wake: kazi yake ni kungoja, na tundu linalosamehewa kwa sekunde halisamehewi kwa wiki.

Tukatengeneza holda ya pili. Mahameli pande zote mbili za ufa, nyuma yake kipande cha springi ya saa kinachoisukuma ijibane. Bati tukalifanyia kizuizi: ukilivuta linafunguka mbele ya filamu, ila mkia wake unabaki ndani ya mahameli, hivyo mdomo hauachwi wazi kamwe. Badala ya gundi, misumari midogo. Na juu yake kufuli dogo, ufunguo ukabaki kwa mjomba. Tukaianika juani siku nzima. Karatasi ikatoka nyeupe kama kanzu ya Idi.

Mjomba akapanda Newala kwa nauli yake, akamwambia tajiri, "Picha ya kwanza haikuwa na uso. Nipe nafasi moja, bure." Tajiri akanuna, ila magunia yalikuwa bado yanapungua hata baada ya mzee kuondoka. Akakubali.

Safari hii kibubu kilikuwa kitupu mpaka flashi ilipowaka. Picha ikatoka safi, hata vifungo vinahesabika. Alikuwa karani wa ghala! Yule yule anayeandika magunia mchana na anayejua ufunguo wa akiba ulipo. Na mwilini kavaa koti la kaki la ulinzi, lililokuwa likitundikwa nyuma ya mlango, ili akionekana kwa mbali lawama ziende kwa mlinzi.

Tulimfuata mzee kijijini kwake, chini ya ukingo, upande wa Shimo la Mungu, unapoliona bonde la Ruvuma limetandazwa kama mkeka. Mjomba alipiga magoti. Tajiri alikuwa ametoa mishahara yote na maneno ya kumrudisha kazini. Mzee akapokea hela, kazi akaikataa.

"Siku ile wote mlikuwa mnaangalia picha," akasema. "Hakuna aliyeniangalia mimi."

NA WEWE MWENYE KAMERA ZA KISASA

Leo filamu imebaki kwa wachache wenye mapenzi nayo. Maduka yana kamera ndogo kila kona, na vijana mnatazama ghala kwenye simu mkiwa mmejilaza kitandani. Safi sana. Lakini holda haijafa, imebadilisha jina tu. Sasa ni kadi ya kumbukumbu, ni kile kisanduku kinachorekodi, ni neno la siri. Nani anaweza kuifungua? Nani anaweza kufuta? Saa yake inasema kweli? Sura inaonekana, au ni koti tu?

Ukiletewa picha ya mwizi, kwanza kagua kasha lililoitunza. Halafu, kabla hujamfukuza mtu, mwite, mkalishe chini, mtazame usoni.

Ile holda ya kwanza ninayo mpaka leo, iko juu ya kabati langu. Mjomba alinizuia kuitupa. Alisema mahameli fupi ile ilimgharimu zaidi ya gauni zima la harusi.