Zile Mashua Nyingine: Kusoma Masomo ya Siku Kabla ya Kusoma Tafakari



Siku hizi wengi wetu tunaamka na kukuta "Tafakari ya Leo" imeshaingia kwenye simu, pengine tatu kutoka makundi matatu. Ni jambo jema. Nami nimezisoma kwa miaka na kuwatumia wengine. Ila kuna kitu nilichojifunza kwa aibu, na ndicho kilichonisukuma kuandika: mtu anaweza kusoma tafakari kila siku, mwaka mzima, bila kusoma Maandiko Matakatifu.

Juni 2024 nilikuwa likizo katika kigango kimoja kando ya Ziwa Victoria. Jumamosi asubuhi Jumuiya Ndogo Ndogo ilikutana kusoma Injili ya kesho yake, Dominika ya 12 ya Mwaka B, yaani Marko 4:35-41, Yesu anapotuliza dhoruba. Kwa kuwa frateri yupo, basi frateri atoe tafakari. Nilikuwa nimeipata moja usiku kwenye simu, yenye mambo matatu: dhoruba za ndoa, dhoruba za uchumi, dhoruba za magonjwa. Niliitoa vizuri, watu wakaitikia amina. Kisha mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi, akanyoosha mkono.

"Frateri, samahani. Zile mashua nyingine zilifika?"

Sikumwelewa. Nikadhani hakusikiliza. Akamwomba kijana aliyesoma arudie mwanzo, na hapo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba Marko anataja mashua nyingine zilizokuwa pamoja na ile ya Yesu. Tafakari nilikuwa nimeisoma mara mbili. Injili yenyewe sikuigusa, maana nilijiona naijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mzee akaeleza kwa nini anauliza. Zamani walitoka usiku na mitumbwi miwili, yeye na kaka yake. Ukarudi mmoja.

Hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti wa jumuiya akaanzisha wimbo.

Jioni ile niliisoma Injili ile polepole, na katika wiki zilizofuata nikajifunza jambo ambalo frateri alipaswa kulijua mapema: masomo ya Misa yamepangwaje. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi kwa waamini. Kabla ya hapo masomo yalijirudia yaleyale kila mwaka. Mpango mpya ulitolewa mwaka 1969, na ndio tunaoutumia. Dominika zina mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A husomwa hasa Matayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, na Yohane huchukua nafasi kubwa wakati wa Pasaka. Siku za juma katika kipindi cha kawaida zina utaratibu wake. Injili ni ileile kila mwaka, Marko kwanza, kisha Matayo, kisha Luka hadi karibu na Majilio. Somo la kwanza ndilo lenye miaka miwili: Mwaka I kwa miaka ya witiri, Mwaka II kwa miaka ya shufwa.

Hapa kuna jambo linalowakwaza wengi, na nimelisikia hata katika mahubiri. Siku ya Dominika somo la kwanza huchaguliwa ili liendane na Injili. Siku ile ya dhoruba tulisoma kitabu cha Ayubu, mahali Mungu anapozungumzia jinsi alivyoifungia bahari kwa milango. Zaburi nayo, ya 107, inawataja wasafiri wa baharini waliomlilia Bwana. Uhusiano unaonekana wazi. Lakini Injili hiyohiyo ya dhoruba husomwa pia Jumamosi ya juma la 3 la kipindi cha kawaida, na katika Mwaka II somo la kwanza siku hiyo ni nabii Nathani akimkemea mfalme Daudi. Daudi ana uhusiano gani na dhoruba? Hakupangwa kwa ajili ya dhoruba. Siku za juma kila kitabu kinatembea kwa miguu yake, na somo la leo linaendelea palipoachwa jana. Kwa hiyo usijitese kutafuta kamba ya kuyafunga pamoja. Chukua moja ulifuate.

Faida ya kufuata mfululizo niliiona katika sura hiyohiyo ya nne. Jumatano ya juma la 3 tunasoma kwamba umati ulikuwa mkubwa hata Yesu akapanda mashuani, akaketi humo na kufundisha watu waliokuwa nchi kavu. Alhamisi na Ijumaa mifano inaendelea: taa, mbegu inayoota yenyewe, punje ya haradali. Jumamosi Marko anasema ni siku ileile, jioni, na kwamba wanafunzi walimchukua alivyo. Aliyeanza kusoma Jumamosi hawezi kujua maana ya "alivyo". Aliyesoma tangu Jumatano anajua: alikuwa ameshakaa mashuani, amefundisha kutwa, wakaondoka naye bila hata kushuka. Usingizi wake ule juu ya mto wa kulalia ni uchovu wa mwalimu. (Miaka mingine sikukuu, kama ya Uongofu wa Mtakatifu Paulo tarehe 25 Januari, huingia katikati ya juma hilo na kuondoa kipande kimoja. Basi fungua Biblia ukisome mwenyewe, ni dakika mbili.)

Tukishasoma, je? Mababa wa monasteri walitupatia njia iitwayo lectio divina. Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa monasteri ya Wakartusi kule Ufaransa, aliieleza kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Verbum Domini wa mwaka 2010, anakumbusha kwamba safari hiyo haikamiliki mpaka ifike kwenye matendo. Mengi yameandikwa juu ya vidato hivyo, sitavirudia. Nataka nikae kwenye kidato cha kwanza, kwa sababu ndicho tunachokiruka. Sisi wa falsafa tuna ugonjwa wa kuuliza "kwa nini" kabla ya kuuliza "nini". Kidato cha kwanza kinauliza "nini" tu. Nani yupo? Ni saa ngapi? Neno gani limerudiwa? Kitu gani kimetajwa kisha kikaachwa? Mzee yule, bila kusoma darasa lolote la ufafanuzi wa Maandiko, aliuliza swali la kidato cha kwanza. Matayo na Luka wanasimulia dhoruba hii pia, lakini mashua nyingine zinatajwa na Marko peke yake.

Nami nilikuwa nimerukia kutafakari, tena kutafakari kwa mtu mwingine.

Marko hasemi zile mashua ziliishia wapi. Nilichokiona ni kwamba upepo ulikoma na kukawa shwari kuu, na ziwa likitulia, linatulia kwa wote waliomo. Nilikwenda kwa mzee katikati ya juma nikamweleza hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hizo za kwenye Injili, sawa. Ya kaka yangu bado." Sikubishana naye. Nilimsomea tena yale wanafunzi waliyomwambia Yesu walipomwamsha: je, hujali kwamba tunaangamia? Ni lalamiko, na Injili haikulifuta. Nikamwambia anaweza kuanzia sala yake hapo. Kidato cha tatu hakidai maneno matamu.

Kwa anayetaka kuanza, yatosha dakika 15. Nunua kalenda ya liturujia parokiani, tafuta Injili ya kesho usiku huu, isome mara mbili, ya pili kwa sauti. Asubuhi isome tena kabla ya kufungua simu. Tafakari ya mtu mwingine ije baadaye, nawe utaisoma ukiwa na la kuiuliza.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja na miwani, na alikuwa ameshasoma nyumbani. Injili ilikuwa ya binti Yairo, Marko 5:21-43. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Frateri, hapa Yesu anavuka tena. Ng'ambo alikwenda kufanya nini?" Safari hii nilikuwa na jibu. Dominika inaruka kutoka dhoruba hadi kwa Yairo, na kipande cha katikati, cha mtu wa makaburini aliyekuwa na jeshi la pepo, husomwa Jumatatu ya juma la 4. Tukarudi kwenye sura ya tano, aya ya kwanza, na mzee ndiye aliyesoma.